Hodi ya Mwenye Nyumba

Alhamisi, mwisho mwisho wa Oktoba. Jua lilitoka asubuhi lakini lilikuwa jua la kutazama tu, halina joto, na upepo ulivuma kutoka kaskazini mchana kutwa. Redio ilisema usiku jalidi itaanguka, ile barafu nyembamba inayoua mimea.

Mama aliposikia habari ya jalidi alitoka roshani, leso kajitanda juu ya jaketi, akachuma nyanya zote zilizokuwa kwenye ndoo zake. Mbivu zilikuwa chache, nyingine zote mbichi, kijani kibichi kama limau. Nikamwambia hizo mbichi angeziacha. Akasema, "Nimwachie nani, baridi?"

Mimi nilikuwa ndio nimerudi kutoka kazini. Mlangoni nilikuta karatasi imebandikwa. Inasema kesho, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, fundi ataingia kuangalia king'ora cha moshi, na kama hatupo atafungua kwa ufunguo wa ofisi. Haina jina la mtu. Wametoa taarifa siku nzima kabla, kama sheria ya jimbo hili inavyotaka, na saa walizotaja ni saa za watu. Sina la kulalamika. Lakini nilisimama pale koridoni, mkoba begani, nikaisoma tena kama mtu anayetafuta salamu ndani ya barua. Haikuwa nayo. Ndipo nikamkumbuka mwenye nyumba wetu wa kwanza.

Nataka kuandika habari zake wakati wali uko jikoni. Shule mimi niliishia darasa la nane, na kupanga maneno sijui sana, lakini nitajaribu kumpa haki yake na sisi haki yetu. Sina hakika kwamba zinatoshana.

Ilikuwa nyumba ya mbao, kusini mwa Minneapolis, huku Marekani, ya zamani. Yeye aliishi chini, sisi juu, na ngazi ilikuwa nyuma, imefungiwa kwa mbao, inanuka rangi na mvua. Alikuwa mzee mrefu, mjane, mgongo umeanza kuinama, na kofia ya sufu haikumtoka kichwani hata mwezi wa tano. Kwa Kiingereza tulimwita bwana fulani, kwa heshima, lakini sisi kwa sisi alikuwa "mzee wa chini".

Siku ya kwanza alipanda kutupa funguo. Nilikuwa tayari nimepika, maana mtu hawezi kuja mlangoni kwako na funguo ukampokea mikono mitupu. Akakaa juu ya sanduku, kwa sababu viti hatukuwa navyo, akala wali na kuku, akasifu. Alipoinuka kwenda nikamwambia kwa Kiingereza changu kile cha kuungaunga, "Mzee, hapa ni kwako. Ingia wakati wowote."

Kwetu Mombasa maneno haya kila mtu huyasema, na hakuna anayeyachukua kama yalivyo. Ukimwambia mtu hapa ni kwako, ndio kwanza atapiga hodi mara tatu na kusimama nje mpaka umsihi. Mlango wa nyumba yetu kule ulikuwa wazi tangu alfajiri hadi magharibi, pazia tu linapepea, na sikumbuki mtu aliyewahi kulivuka bila kuitikiwa. Hata mama mzazi wa baba yangu, ambaye nyumba ilikuwa yake, alisimama kizingitini: "Hodi wenyewe?" Akangoja. Na kama hapana jibu, alirudi zake.

Mzee wa chini hakuwa na habari hiyo. Aliambiwa aingie, akaingia.

Hakuingia kwa ubaya, na hili naliandika wazi. Miaka ya nyuma, kabla yetu, maji yaliganda ndani ya mabomba ya huko juu wapangaji wakiwa safarini, mabomba yakapasuka, na dari ya chumba chake ikamwangukia juu ya kitanda. Tangu hapo kila baridi ikizidi alipanda, akafungua, akashika kwa kiganja vile vyuma vya joto chini ya madirisha, kimoja kimoja, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu anashuka. Na kiangazi alilima nyanya nyuma ya nyumba. Ukirudi kutoka kazini unakuta nyanya mezani, zimepangwa, zile laini juu ili zisibondwe. Hujui aliingia saa ngapi.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Shakopee, kwenye ghala kubwa, anatoka gizani na kurudi gizani. Alikuwa akicheka. "Huyu siku moja tutarudi tumkute ameshaoga, amevaa kikoi changu."

"Mwambie basi," nasema mimi.

"Nimwambie mimi? Wewe ndiye uliyempa nyumba."

Na kweli. Karibu ukishaitoa, utairudisha kwa mdomo gani? Kisha, nikiwa mkweli, mimi zile nyanya nilizipenda. Ugeni ulikuwa mkali mwaka ule. Kulikuwa na wiki nzima ambayo mtu pekee aliyenikumbuka katika mji huu alikuwa ni huyu mwenye ufunguo. Nikiona mezani kuna kitu, nilijua kuna mtu amefikiri kwamba tunakula.

Mama alikuja mwaka wa tatu, kumwona mjukuu. Aje akae majira ya joto arudi. Hakuwa amemaliza hata kuzoea swichi za taa pale simu ilipopigwa kutoka nyumbani: baba amefariki. Ghafla, baada ya sala ya alasiri. Wakamzika kesho yake. Sisi tulikuwa huku, tunasikiliza mazishi kwenye simu, sauti inakuja na kukatika.

Mama alitaka aondoke siku ile ile. Akampigia ustadhi wa mtaani kwetu, akaulizia. Ustadhi akamwambia akae eda pale pale habari ilipomkuta, asisafiri mpaka iishe. Basi ikawa hivyo. Kwa asiyejua: mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, wala haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa. Jina lake siku hizo huwa ni kizuka. Nyumbani, kizuka hulindwa na nyumba nzima. Kuna dada zake, kuna mashangazi, kuna mtoto wa kukaa mlangoni na kusema, "Subiri, mjomba, kuna kizuka." Hapa alikuwa na mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mfukoni mwa mzee wa chini.

Wiki ya kwanza wanawake wa Pwani walioko huku walikuja na masufuria yao, wengine kutoka Saint Paul, wengine kutoka mbali zaidi. Viatu vikajaa ngazi. Mzee akatoka akatazama, akanambia kwa upole kwamba mkataba unasema viatu visiachwe kwenye ngazi, na kwamba ngazi yenyewe ni ya zamani, angependa wageni wasizidi wachache kwa wakati mmoja.

"Kuna sherehe?" akauliza.

Nikasema samahani, tutaondoa viatu. Sikumwambia zaidi. Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani sikujua kama msiba unahitaji kutangazwa. Kwetu jirani huambiwa na kilio, na viti vya kukodi, na watu kukaa kimya barazani. Mimi niliona watu wamejaa, wanawake wamevaa buibui, wanashuka na macho mekundu, nikadhani anajua. Yeye alikuwa ameona viatu tu.

Siku moja katikati ya juma nilirudi kutoka shule ninakopika, kule Saint Louis Park, nikakuta nyumba kimya. Juu ya meza kuna nyanya. Nikaita, "Mama?" Hapana jibu. Chumbani hayuko. Nikafungua bafu. Alikuwa amekaa ndani ya hodhi la kuogea, kavu, na nguo zake, pazia la plastiki amelivuta. Nywele zake ziko wazi, nusu zimesukwa na nusu hazijasukwa. Kitana mkononi.

"Ameondoka?" akanong'ona.

"Nani?"

"Yule. Nimesikia ufunguo nikakimbia. Sijui kama ameniona. Nimemsikia akitembea, halafu sikumsikia tena, na sikujua kama ameshuka au amekaa."

Nikamshika mkono atoke. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hakulia. Alikaa ukingoni mwa hodhi akasema maneno ambayo bado ninayo:

"Mwanangu, mume wangu nimeishi naye umri wangu wote. Ameanguka sikumpa maji. Kafa sikuiona maiti. Kaburi lake sijui liko upande gani wa mwembe wa makaburini. Kilichonibakia cha kumfanyia ni hii eda peke yake. Na hii nayo imeharibika?"

Nilimwambia haijaharibika. Lakini mimi si mwanachuoni, nilijuaje?

Tangu siku hiyo alijifungia chumba cha ndani, amejisitiri kama yuko sokoni, na chai hakunywa asubuhi ili asihitaji kutoka. Alikuwa akikonda. Mtoto wangu akimletea mkate anamwambia kwa Kiingereza, bibi, hakuna mtu, na bibi anamjibu kwa Kiswahili, "Sasa hivi hakuna."

Nikamweleza mwenzangu wa kazini, Mkenya wa bara, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha gari. Alikuwa anamenya karoti. Akaweka kisu chini.

"Ati anaingia tu hivyo? Mkiwa hamko?"

"Nilimkaribisha mimi."

"Wee, ulimkaribisha chakula, hukumkaribisha choo. Hapa lazima akupe notisi, siku nzima kabla, na aseme anakuja kufanya nini. Kama si moto ama bomba limepasuka, hawezi kuingia tu. Hiyo ni sheria."

"Na wageni? Alisema wasizidi wachache."

"Wageni ni wako, si wake. Watu wa kukupa pole hawezi kuwakataza." Akafikiri kidogo. "Viatu hapo ana haki, lakini. Mtu akianguka kwa hizo stairs?"

"Akikasirika je? Mkataba unaisha majira ya baridi."

"Kukutoa kwa sababu umeitisha haki yako pia haikubaliwi. Mwambie. Ama unataka nikuje nimwambie mimi?"

Nikasema hapana, haraka.

Nilifanya mazoezi ya sentensi ya kumwambia mzee siku nyingi, kwenye basi, kwenye sinki. Mume wangu alinisikia nikiisema peke yangu akasema, "Umeanza kuhutubia masufuria." Kisha akaacha mzaha. Akasema, "Nitakuwa nawe nikiwa sina zamu. Lakini jambo hili lisubiri siku nzuri."

Siku nzuri haikuja. Ilikuja Jumamosi. Mume wangu yuko Shakopee. Mama alikuwa sebuleni, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwa sababu nilimhakikishia kwamba mimi nipo. Tukasikia hatua za watu wawili kwenye ngazi, na sauti ya vyuma ndani ya mkoba wa fundi. Mama akainuka, akaingia chumbani. Mimi nikafika mlangoni ufunguo ukiwa tayari unazunguka. Nikaushika mlango kwa mkono na kwa mguu, ukafunguka upana wa uso.

"Ni mimi tu," akasema mzee. "Nimeleta fundi atazame mabomba kabla ya baridi."

"Leo hapana, mzee."

Alinitazama kama hakunisikia. Fundi akatazama viatu vyake. Nikaitoa ile sentensi, na ilitoka vibaya, maneno ya mwanzo yakaja mwisho. Lakini ilitoka: kwamba sheria inataka anipe taarifa siku moja kabla.

Akasema taratibu, "Sheria naijua. Nimepangisha nyumba hii tangu kabla hujazaliwa. Lakini uliniambia hapa ni kwangu. Nilidhani sisi tumeshapita habari za sheria."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Kwa hili sikuwa nimejitayarisha.

Nyuma yangu, kutoka nyuma ya mlango wa chumba, Mama akapaza sauti. "Mwambie apige hodi kama watu! Apige, angoje!"

"Anasemaje?" mzee akauliza.

Nikamtafsiria kwa adabu kidogo. "Mama anaomba upige mlango, kisha usubiri."

"Mama yako yuko hapa? Ni mgonjwa?"

"Amefiwa na mumewe. Baba yangu. Ndiyo watu wote wale walikuja." Nikamweleza eda, kadiri nilivyoweza, pale pale kwenye ufa wa mlango. Nikamwambia na habari ya hodhi. Sikutaka kumwambia, ilitoka.

Mzee alivua kofia yake ya sufu. Sikuwahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa na nywele nyembamba nyeupe, zimesimama, kama za kifaranga. Akasema, "Niliwauliza kama ni sherehe." Alisema vile, mara mbili. Kisha akamwambia fundi washuke.

Mume wangu aliporudi nikamhadithia, akasema tuanze kutafuta maboksi ya kuhamia. Hakuwa anatania. Mimi sikupata usingizi vizuri.

Asubuhi ya pili yake nikasikia mlango unagongwa. Mara tatu, kisha kimya. Nikamwambia Mama aingie ndani, nikajifunga mtandio, nikatembea mpaka mlangoni, na kimya kile kilikuwa bado kipo, kinaningoja. Alikuwa amesimama ngazi mbili chini, ameshika mnyororo wa mlango, mpya, ndani ya karatasi yake. Akauliza ni saa ngapi na siku gani itafaa aje auweke, kwa upande wetu wa ndani. Ufunguo, akasema, itabidi abaki nao, kwa ajili ya moto na maji. Lakini mnyororo ni wetu.

Aliuweka yeye mwenyewe, kesho yake, saa tuliyopatana, Mama akiwa chumbani. Akaweka na rafu ya mbao chini ya ngazi, ya viatu.

Mama alimaliza eda yake ndani ya nyumba ile. Alirudi sebuleni, akanywa chai asubuhi, akasuka nywele zake mbele ya dirisha. Kila fundi alipotaka kuja, karatasi ilipita chini ya mlango siku moja kabla, kwa mwandiko wa mzee, herufi kubwa: siku, saa, na kazi yenyewe. Na chini kabisa huongeza kitu. "Poleni." Au, "Kutakuwa na theluji, vaeni." Mume wangu alizipachika jikoni kwa utepe. Zilikuwa karatasi za kisheria, lakini mtu alikuwemo.

Nyanya hazikukoma. Ila sasa ziliachwa nje, juu ya ngazi ya mwisho, ndani ya mfuko wa karatasi. Jalidi ilipokaribia aliacha mfuko mzima wa mbichi. Mimi nilitaka kuzitupa. Mama akazikata, akazitia chumvi, pilipili, siki na mbegu za haradali, akafanya achari. "Kitu cha kupewa hakitupwi kwa sababu kina kazi," akasema.

Siku eda ilipokwisha, Mama alioga, akavaa nguo ya rangi, akajitia udi. Akaniambia nikamwite mzee wa chini. Akaja na shati la kwenda kanisani. Akagonga, akangoja. Mimi nilikuwa nakwenda kufungua, Mama akanizuia kwa mkono.

"Karibu!" akaita mwenyewe.

Mlango haukufunguka. Mnyororo ulikuwa wazi, na ufunguo alikuwa nao. Mama akaita tena, "Karibu, baba, karibu ndani!" Hakufungua mpaka nilipofungua mimi.

Alikula vizuri siku hiyo, akaomba achari tena. Mama alimcheka kwa jinsi alivyokuwa mwekundu kwa pilipili. Lakini kuingia peke yake hakuingia tena, hata baada ya Mama kurudi Mombasa, hata nilipomwambia, mzee, sasa hakuna kizuka. Nilimwambia kwa kweli, si kwa adabu. Akatabasamu, akaacha mfuko pale pale kwenye ngazi. Tulipata tulichokuwa na haki nacho, na ningekidai tena kesho. Ila tangu hapo sikurudi tena kutoka kazini nikakuta nyanya mezani.

Miaka michache baadaye magoti yalimshinda, watoto wake wakamchukua, nyumba ikauzwa. Wenye nyumba wapya waliipaka rangi ya kijivu na kung'oa shamba la nyuma. Sisi tukahamia huku kitongoji cha Crystal. Mama alipokuja tena, safari hii ya kukaa, alileta ndani ya kitambaa mbegu alizokuwa amezikausha kutoka kwenye nyanya za mzee. Ndizo hizo za kwenye ndoo.

Nimemsomea ile karatasi ya mlangoni. Akauliza, "Huyo fundi anaitwa nani?"

"Hawakuandika, Mama."

"Atapiga mlango?"

"Atapiga. Sheria inasema."

"Basi mwekee kikombe cha chai kwenye chupa. Nami nitakuwa chumbani nimejitanda, nitamwitikia." Akarudi kwenye ubao wake wa kukatia.

Jioni tulikula wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na achari ya nyanya mbichi, ambayo haikuwa imekolea bado, kwa kuwa imetengenezwa leo leo. Mume wangu alisema ingengojewa mpaka wiki ijayo. Tuliila hivyo hivyo, ikaisha.